Kumfundisha Ng'ombe Kazi: Nira, Plau na Rukwama katika Nchi ya Kajiado

Katika nchi ya Kajiado mtoto wa Kimaasai humjua ng'ombe kabla hajajua kuhesabu. Humjua kwa rangi yake, kwa pembe zake, kwa mlio wake na kwa mama yake. Hata hivyo ni nyumba chache katika nchi hiyo ambamo ng'ombe amefungwa nira akavuta kitu. Kazi ya kuchukua mizigo tangu zamani ilikuwa ya punda, na dume aliyehasiwa, ambaye Wamaasai humwita olkiteng', alifugwa kwa nyama, kwa sherehe na kwa heshima ya boma. Lakini ng'ambo ya pili tu, katika nchi ya Ukambani, maksai wamekuwa wakivuta plau tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Basi majirani hawa wawili wana ng'ombe wa namna moja, wananunua na kuuziana katika minada ile ile, lakini mmoja amemtia ng'ombe wake kazini na mwingine hakumtia.

Zamani hapakuwa na sababu kubwa ya kumtia. Nchi ilikuwa ya malisho, na mwenye mifugo alifuata mvua. Sasa hali imebadilika. Sheria ya mwaka 1968 iliigawa nchi ya Wamaasai katika mashamba ya ushirika yaliyomilikiwa na wenyeji wa kila mahali kwa pamoja, na shamba la ushirika la Kitengela likagawanywa mwaka 1988, kila mwanachama akapewa sehemu yake na hati yake. Wengi waliuza vipande, wengine wakajenga nyua za waya, na penye njia panda iliyokuwa kituo kidogo pakasimama mji ambao katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 ulikuwa na watu zaidi ya laki moja. Mtu aliyebaki na ekari chache upande wa Isinya au Kajiado hawezi tena kufuata mvua kila inakokwenda. Hulisha ng'ombe wachache, na akiona mawingu ya Machi au ya Oktoba hujaribu kupanda mahindi na maharagwe.

Hapo ndipo shida inapoanza. Mvua za nchi hii ni haba, na mara nyingi ule udongo mweusi wa tambarare za Athi na Kaputiei hulimika kwa siku chache tu. Ukiwa mkavu ni mgumu kama sakafu na una nyufa za kumeza mguu wa mbuzi. Ukilowa sana hunata kwenye plau na kwenye kwato, wala hapana mtu wala mnyama atakayekwenda. Kati ya hali hizo mbili ipo nafasi ndogo, na katika nafasi hiyo kila mtu hulitafuta trekta lile lile. Mwenye ekari mbili husubiri mpaka mwenye ekari hamsini amemaliza, na akifikiwa mvua imekwisha ingia ardhini na kupotea. Mbegu iliyochelewa wiki mbili katika nchi kame huenda isizae kitu. Kwa mtu kama huyo, jozi ya maksai iliyosimama nyumbani kwake ni msimu uliopatikana au msimu uliopotea.

Kazi hii si ngeni duniani. Wahabeshi wamelima kwa maksai kwa muda wa maelfu ya miaka, na mpaka leo sehemu kubwa ya nafaka yao hutoka katika mashamba yaliyolimwa hivyo. Hapa Kenya, Makaburu waliohamia Uasin Gishu mwaka 1908 walipanda kutoka Nakuru kwa magari makubwa yaliyovutwa na maksai wengi. Na mnamo Desemba 1995 wataalamu wa kazi za wanyama kutoka nchi za Afrika Mashariki na Kusini walikutana Ngong, yaani ndani ya Kajiado yenyewe, kuzungumza juu ya nira, plau, rukwama na matunzo ya wanyama wa kazi.

Jambo la kwanza ni kuchagua. Wengi hutazama ukubwa wa mwili tu, na hilo ni kosa. Tazama kwanza miguu: iwe imenyooka, kwato ziwe ngumu na zinazolingana, na mnyama atembee bila kuyumba nyuma. Kifua kiwe kipana na shingo nene. Kisha tazama tabia. Dume anayekimbia kila akiona mtu mgeni atakuchosha, na yule mzito asiyeshtuka kwa lolote atakuchosha zaidi, kwa kuwa hatasikia neno lako. Yafaa yule anayegeuza masikio, anayetazama, kisha akatulia. Wachague wawili wanaolingana kwa kimo na kwa mwendo, na ikiwezekana wawe wamekua pamoja. Zebu wa nchi hii ni mdogo, lakini anavumilia jua, kiu na kupe, na nundu yake huizuia nira isirudi nyuma. Sahiwal na Borana ni wakubwa na wana nguvu zaidi, ila wanakula zaidi, na mwenye nyasi haba afikiri mara mbili. Tena ni desturi njema kununua watatu badala ya wawili, kwa sababu mmoja akivunjika mguu au akishikwa na ndigana, aliyebaki peke yake hana kazi.

Kuhasi kufanywe na mtu anayejua, kwa koleo la kuhasi, wala si kwa kisu kichafu. Wako wanaohasi mapema ili mnyama awe mpole, na wako wanaongoja mpaka amefikia mwaka mmoja na nusu au miwili ili shingo na mabega yajengeke. Mimi naona hawa wa pili wana haki, mradi wasichelewe mpaka fahali amekwisha jifunza kupigana.

Mafundisho yaweza kuanza mnyama akiwa na miaka miwili hivi, na kazi nzito ingoje mpaka amefikia mitatu au zaidi. Watu wengine humkamata dume la miaka mitano kutoka porini, wakamfunga nira siku hiyo hiyo pamoja na plau, wakampiga mpaka akalala chini. Ng'ombe huyo kweli amefundishwa: amefundishwa kwamba nira ni maumivu, na kwamba akilala maumivu hukoma kidogo. Atalala kila mara mwaka mzima, na mwenyewe atasema amenunua ng'ombe mvivu.

Njia iliyo bora huanza bila nira. Mnyama avalishwe kamba ya kichwa, si ya shingo tu, kwa maana ya shingo humkaba. Afungwe kwenye nguzo imara isiyotikisika, karibu na nyumba, mahali wanapopita watu na watoto. Kamba iwe fupi asije akajinyonga, na fundo liwe la kufunguka upesi. Siku ya kwanza atavuta na kupiga mateke. Mwache. Nguzo haimkasirikii wala haichoki, na baada ya saa kadhaa atajua kwamba kuvuta hakumpi kitu. Ndipo mtu yule atakayemwendesha, na awe mtu yule yule kila siku, amjie kwa upole, amkune nyuma ya nundu na chini ya koo, ampe maji na majani kwa mkono wake. Amwite kwa jina. Kwa jambo hili Mmaasai ametangulia mbele ya watu wengi, kwa kuwa ng'ombe wake wana majina tayari na wameyasikia tangu udogo wao.

Akiisha zoea nguzo, atembezwe kwa kamba. Mtu mmoja aende mbele, mwingine nyuma. Anapokwenda vizuri kamba ilegezwe, anaposimama bila kuamriwa kamba ikazwe. Hapo ndipo penye siri yote ya kazi hii: mnyama hujifunza katika dakika ile unayomlegezea, wala si katika dakika ile unayombana. Ukimvuta, naye akapiga hatua, nawe ukaendelea kumvuta vile vile, atajuaje kwamba hatua ile ndiyo uliyoitaka?

Maneno yawe machache. Neno la kuondoka, neno la kusimama, neno la kurudi nyuma, na mawili ya kugeuka upande huu na upande ule. Si kitu kama ni ya Kimaasai, ya Kikamba au ya Kiswahili, maadamu kila neno lina maana moja na watu wote wa nyumba walitumia hilo hilo. Nimeona shamba ambalo baba alisema "simama," mwana akasema neno la Kikamba, na mtumishi akapiga mluzi, wote watatu wakitaka jambo moja. Wale maksai walisimama katikati ya shamba wakatazamana, na kwa kweli wao ndio waliokuwa na akili siku ile. Neno la kusimama lifundishwe kwanza na lisisitizwe kuliko yote, kwa sababu siku mtoto akianguka mbele ya plau, hapatakuwa na nafasi ya kulirudia.

Nira itengenezwe kabla mafundisho hayajafika mbali. Iwe ya mti mwepesi lakini usiopasuka upesi, na sehemu inayokaa mbele ya nundu ichongwe ikaviringana, kisha isuguliwe mpaka iwe laini kama mpini wa jembe la zamani. Vijiti vya kushuka pande mbili za shingo viache nafasi ya kutosha kupenya kiganja cha mkono, na mkanda wa kooni usikaze mpaka mnyama akakohoa. Sikiliza kikohozi hicho. Ng'ombe anayekohoa akivuta anakabwa, hana mafua. Kila jioni pitisha mkono juu ya shingo: pakiwa pana joto au manyoya yametoka, rekebisha nira na umpumzishe, maana kidonda cha nira kikiisha funguka hukaa wiki nyingi, na huenda zikawa ndizo wiki za mvua. Urefu wa nira nao hutegemea kazi. Ya kulimia ni fupi. Ya kupalilia iwe ndefu ili kila maksai apite katika njia yake na mstari wa mahindi ubaki katikati; kama mistari yako imeachana sentimita 75, nafasi kutoka shingo hata shingo iwe kama sentimita 150.

Wafunge wawili pamoja, watembee bila mzigo siku kadhaa. Kama jirani ana maksai mzee aliyezoea, mwombe akuazime, umfunge pamoja na mgeni. Yule mzee atafundisha kwa siku tatu mambo ambayo wewe ungefundisha kwa wiki tatu. Kila maksai na akae upande wake daima, wa kulia awe wa kulia. Sababu yake utaiona shambani: plau hugeuza udongo kuelekea kulia, na maksai wa kulia hutembea ndani ya mfuo uliokwisha limwa, mwenzake akitembea juu ya ardhi ngumu. Ukiwabadilisha leo na kesho, hakuna atakayejua mahali pake. Baada ya hapo wavute gogo dogo, kisha gogo kubwa zaidi, ili wazoee mlio wa mnyororo na kitu kinachowafuata nyuma. Mwanzo nusu saa inatosha, na ikome wakati wanafanya vizuri, si wakati wamekwisha choka na kukasirika. Kwa mnyama mtulivu kazi hii yote huchukua majuma manne hadi sita. Anayetaka kulima Machi asianze Machi.

Ifikapo siku ya plau, mtu mmoja aongoze mbele na mmoja ashike mikono ya plau. Maksai wakiisha komaa, yule wa mbele huondoka na mtu mmoja hulima peke yake kwa maneno. Plau nyingi huonekana mbovu kumbe zimefungwa vibaya tu. Mnyororo ukiwa mfupi mno, plau huinuka na kukwaruza juu juu; ukirefushwa huzama. Hali kadhalika pale mbele pa plau penye matundu ya kufungia: ukipandisha mnyororo juu italima kina zaidi, ukiushusha italima kina kidogo. Anayeigandamiza plau kwa uzito wa mwili wake ili izame anajichosha bure na kuwachosha maksai wake. Ashuke, arekebishe tundu moja, aendelee.

Sasa tuseme habari ya nguvu, kwa maana hapo watu hudanganyika. Maksai aweza kuvuta kwa saa nyingi nguvu iliyo sawa na sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Jozi ya zebu wenye kilo 300 kila mmoja huvuta basi kama kilo 60 bila kuchoka upesi. Plau katika udongo mwepesi wa mchanga huenda ikataka hizo au kupita kidogo, lakini katika udongo mweusi wa Kitengela yaweza kutaka mara mbili yake. Kwa hiyo mwenye udongo huo ama afunge maksai wanne, ama alime kina kidogo, ama angoje siku ile ambayo donge ukilifinya mkononi linavunjika bila kunata. Watu wawili jirani wenye jozi moja moja wanaweza kuunganisha nira, wakalima kwa huyu leo na kwa yule kesho. Kazi ianze alfajiri na mapema, na ikome saa nne au saa tano za mchana kabla jua halijakuwa kali. Jozi nzuri katika udongo wa kawaida hulima kama nusu ekari kwa asubuhi moja. Si nyingi ukilinganisha na trekta, lakini huanza siku ile ile ya mvua.

Jambo gumu kuliko yote halimo katika kufundisha. Limo katika kulisha. Maksai hutakiwa awe na nguvu mwisho wa kiangazi, na mwisho wa kiangazi ndio wakati ambao mbavu zake zinahesabika. Mtu aweza kuwa na nira nzuri, plau mpya na wanyama wenye adabu, kisha mvua ikanyesha na maksai wakashindwa kuinuka asubuhi. Dawa yake ni kuwaza mapema. Baada ya mavuno mabua ya mahindi yasiachwe shambani yakanyagwe na kila mnyama apitaye. Yakatwe, yawekwe juu ya kichanja mbali na mchwa na mvua. Nyasi zikatwe zingali na ubichi kidogo, zikaushwe. Wamaasai wanayo desturi ya kutenga malisho karibu na boma kwa ajili ya ndama na wanyama dhaifu, nayo huitwa olopololi. Hapana neno linalozuia kuwaingiza maksai wa kazi humo wiki sita kabla ya mvua, ingawa kina mama wenye ndama watakuwa na la kusema, na wana haki ya kusikilizwa. Maji nayo wapewe ya kutosha, lita 30 hadi 40 kwa siku kwa kila mmoja, na zaidi siku za kazi. Wapewe chumvi, na waogeshwe dawa ya kupe bila kukosa.

Ukame mkubwa huvunja mipango yote. Katika ukame wa mwaka 2009 na ule ulioanza mwishoni mwa mwaka 2020 na kuendelea mpaka 2022, watu wa Kajiado walipoteza ng'ombe wengi sana. Mwenye maksai hujikuta hapo katika shauri gumu: awapeleke mbali pamoja na kundi, na mvua ikirudi wawe mbali na shamba, au awabakize nyumbani wale akiba ambayo ingemponya ng'ombe wa maziwa. Hakuna jibu moja. Wengi hubakiza jozi moja tu na kuuza wengine mapema wakati bado wana bei, na aliyeuza mapema mara nyingi hujuta kidogo kuliko aliyengoja.

Maksai hulima wiki chache tu katika mwaka, na kama hana kazi nyingine husahau mafundisho yake. Rukwama ndiyo inayomweka kazini. Kwenye njia tambarare, rukwama yenye magurudumu ya mpira huweza kuvutwa na jozi ikiwa na mzigo wa karibu tani moja, yaani kama mapipa matano ya maji. Katika nchi ambamo mwanamke huamka usiku kufuata maji, hilo si jambo dogo. Tena punda wamekuwa mali ya kulindwa sana tangu mwaka 2016 yalipofunguliwa machinjio ya punda nchini na wezi wakaanza kuwaiba usiku. Serikali iliyapiga marufuku mwaka 2020, shauri likafika mahakamani, na mwaka 2024 Umoja wa Afrika ukakubaliana kuizuia biashara ya ngozi za punda. Mwenye punda na mwenye maksai wote wawili wasifikiri kumfunga punda na ng'ombe katika nira moja. Hatua zao si sawa wala mabega yao hayafanani.

Anayepita na rukwama kwenye barabara kuu ya kwenda Namanga ajihadhari. Malori hayasimami upesi. Aende kando ya lami, asiende usiku, na nyuma ya rukwama aweke vibao vyekundu vinavyong'aa kwa taa. Kwenye miteremko rukwama iwe na breki, la sivyo mzigo utawasukuma maksai kutoka nyuma mpaka waanguke. Na ajue kwamba Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360 ya sheria za Kenya, inamhesabia kosa anayempiga mnyama kikatili, anayemtwisha mzigo uliozidi nguvu zake au anayemfanyisha kazi akiwa mgonjwa au ana vidonda. Mjeledi una matumizi yake, nayo ni kugusa na kuonyesha njia.

Maksai aliyetunzwa hufanya kazi mpaka afikie miaka kumi, na wengine huzidi. Utamjua aliyechoka: hubaki nyuma ya mwenzake kwa nusu hatua, na nira hulala upande. Huyo mpumzishe msimu mmoja katika nyasi za mvua, anenepe, kisha mpeleke mnadani, nawe utapata fedha ya kununua madume wawili wachanga. Lakini wale wachanga wawe wamekwisha fungwa nguzoni mwaka uliotangulia, wakati mzee angali na nguvu za kutembea pamoja nao katika nira na kuwaonyesha mfuo.